Maji ya Mkimbiaji wa Mwisho

"Umekuwa wa ngapi, mzee?"

Aliyeuliza ni konda wa daladala, Jumapili moja mchana, gari limejaa kutoka mjini kurudi Kiseke. Medali ilikuwa bado shingoni, chumvi ya jasho imekauka usoni, na miguu haikubali kukunjwa. Nikamjibu kwamba nimekuwa wa mia nne na kitu. Abiria wa kiti cha mbele akageuka. "Wa mia nne, na wamekupa medali?" Nikamweleza kuwa kila anayefika hupewa. Akaiomba, akaipima uzito kiganjani, akaigeuza kusoma maandishi ya nyuma, kisha akanirudishia kwa mikono miwili. "Basi hongera, kaka. Kufika nako ni kazi." Kutoka pale mpaka Sabasaba tulizungumza habari za magoti.

Swali la konda naulizwa kila nitokapo mbioni, na najua linakotoka. Tumelelewa na redio: mbio zina wa kwanza, wa pili na wa tatu, waliobaki hawatajwi. Lakini simama kando ya barabara asubuhi ya mbio yoyote kubwa, uangalie. Wanaowania zawadi watapita kundi dogo, mara moja wameshapotea. Halafu barabara itaendelea kujaa watu kwa saa mbili, saa tatu: walimu, wauguzi, mafundi, wafanyakazi wa benki, wastaafu, wanafunzi. Hao ndio ninaowajua, na makala haya ni yao.

Mimi nilianza kukimbia kwa sababu ya mnyororo wa baiskeli. Mke wangu ni mwalimu. Mwaka ule daktari alimwambia sukari yake imeanza kupanda, atembee kwa haraka walau nusu saa kila siku. Mwalimu mwenye watoto watatu nyumbani na darasa lililofurika shuleni haipati nusu saa hiyo mchana. Nafasi aliyoiona ilikuwa kabla ya mapambazuko. Na mapambazuko ya Mwanza huchelewa. Saa yetu ni moja na ya Dar es Salaam, lakini sisi tuko mbali upande wa magharibi, kwa hiyo jua hutufikia kama dakika 25 baada ya kuwafikia wao. Saa 12 asubuhi mtu wa Dar anafagia uwanja anaona. Kiseke saa hiyo unashika tochi. Kuna mbwa, kuna mitaro isiyofunikwa, kuna watu usiowajua wanatoka wapi. Basi nikawa namfuata nyuma kwa baiskeli, namulika njia.

Wiki ya tatu mnyororo ukakatika kwenye mteremko. Yeye alikuwa mbele hatua kama hamsini, hakusikia. Nikaiegemeza baiskeli kwenye ukuta wa duka, nikaanza kumkimbilia na makubazi yangu miguuni. Nilimpata kwenye kona ya chini, nimejishika kiuno, kifua kinawaka, na hapo nikaelewa kwamba huyu niliyedhani namlinda alikuwa ameshanizidi pumzi kwa mbali. Alinimulika usoni kwa simu yake, akanitazama vizuri. "Baba watoto," akasema, "kesho vaa raba."

Kwa msomaji asiyeijua, Kiseke ni kata ya wilaya ya Ilemela. Wengi wanaijua kwa nyumba za PPF, ambazo bado tunaziita hivyo ingawa mfuko wenyewe uliunganishwa na mifuko mingine ya pensheni mwaka 2018. Ni mtaa wa vilima. Mwanza yote ni mawe; kuna nyumba zimekaa juu ya majabali kama ndege, na njia zetu nyingi za ndani ni za vumbi zenye mawe yaliyojichimbia, ncha tu ndiyo iko nje. Anayejifunza kukimbia Kiseke hujifunza kwanza kuinua mguu. Uso wa Ziwa Victoria peke yake uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na sisi tunaamka juu yake zaidi. Ndugu zangu wa Pwani wakija kututembelea na kujaribu kukimbia nasi, kilima cha kwanza tu kinawauliza maswali.

Njia yetu ya Jumapili hushuka hadi Sabasaba, ikashika Pasiansi, ikaendelea mpaka Kirumba. Ziwa hujitokeza na kujificha kati ya mawe na mapaa. Ukikaribia soko la samaki la Mwaloni, harufu ya dagaa inakufikia kabla hujaona chochote, na mwanzoni iliniziba pumzi. Sasa ni alama yangu ya kugeuza. Hapo kuna mama anayeuza uji wa ulezi, huwa ameshawasha moto kabla hatujapita. "Mwangaluka!" anatuita kwa Kisukuma, nasi tunaitikia "Mwangaluka!" bila kusimama. Miezi mingi ya kwanza hakusema zaidi ya hapo. Siku mke wangu alipougua malaria akakosa Jumapili mbili, yule mama alisimama, akaweka upawa chini, akauliza: "Mwenzio yuko wapi?"

Niseme neno kuhusu raba, maana wengi huogopa mchezo huu kwa kudhani unahitaji fedha za ajabu. Za kwangu zote nimezipata kwenye mitumba, Mlango Mmoja. Kuna namna ya kuzichagua. Usianze na rangi. Igeuze raba uangalie soli ya kisigino: ikiwa imelika upande mmoja tu, mwenye nayo alikanyagia upande huo, na goti lako litalipa. Bonyeza kwa dole gumba sehemu laini kati ya soli na kitambaa. Ikirudi juu polepole au ikabaki na mikunjo kama uso wa mzee, imekwisha hata kama inang'aa. Kisha ikunje. Inapaswa kukunjika pale vidole vinapokunjika, si katikati ya wayo. Mwisho ivae, ubakize nafasi ya upana wa dole gumba mbele ya vidole, kwa sababu mguu huvimba njiani. Nilipopuuza hilo la mwisho nilipoteza kucha mbili. Na mafuta ya mgando usiyaache: kwapani, mapajani, katikati ya vidole. Malengelenge na michubuko vimewatoa watu wengi barabarani, watu ambao pumzi bado walikuwa nazo.

Huku kwetu neno "marathon" limepanuka. Marathon ya kilomita tano, marathon ya kuchangia vyoo vya shule, marathon ya benki, marathon ya parokia. Wataalamu wa riadha huumia kulisikia, na wana haki: marathon ni kilomita 42.195, umbali uliotumika kwenye Olimpiki ya London mwaka 1908, kutoka kasri la Windsor hadi mbele ya jukwaa la kifalme uwanjani, ukapitishwa rasmi mwaka 1921. Nusu yake ni kilomita 21 na mita 97 na nusu. Mimi nimeacha kubishana. Hizo "marathon" za kilomita tano ndizo zilizowatoa watu ndani. Jumamosi asubuhi, vilabu vya jogingi vikipita na filimbi na nyimbo zao, utaona mama wa miaka sitini amevaa fulana ya klabu juu ya sketi ndefu, anaitikia kwa sauti ya juu kuliko wote. Mtu huyo hakuitwa na neno "mazoezi" la kwenye bango la zahanati. Aliitwa na wimbo.

Rock City Marathon ya hapa Mwanza ilipoanza mwaka 2009 niliitazama nikiwa kando ya barabara na mfuko wa nyanya. Nilikuwa napita zangu, nikasimama, nikasahau nyanya. Nilichokiona si wale wa mbele; walipita kabla sijawaelewa. Nilimwona mzee mmoja mwembamba, fulana imemganda mgongoni, anakimbia taratibu mno huku anahesabu kitu kwa midomo. Picha hiyo nilikaa nayo miaka. Nilipokuja kujiandikisha mwenyewe kwa nusu marathon, nilijikuta nami nahesabu: hatua mia moja, halafu mia nyingine.

Nusu marathon ya kwanza nilikosea pale wanapokosea wote. Kilomita tatu za mwanzo nilikwenda na watu wasio wa kiasi changu kwa sababu ngoma zilikuwa zinapigwa na mwili ulikuwa mpya. Kilomita ya saba kichomi kikanishika ubavuni. Kilomita ya kumi na mbili jua likatoka nyuma ya wingu. Watu hudhani karibu na ziwa kuna baridi. Asubuhi ikishapanda na upepo wa ziwani haujaanza kuvuma, lami ya Mwanza inarudisha joto usoni kama mlango wa tanuri la mikate. Nilimaliza kwa saa 2 na dakika 31. Mke wangu alikuwa ameshafika dakika nane kabla yangu, amekaa juu ya ukingo wa barabara, anakula chungwa.

Baadaye tukaamua kwenda Moshi. Kilimanjaro Marathon hukimbiwa mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, ikianzia na kuishia uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika. Kutoka Mwanza ni safari ya kutwa nzima kwenye basi, na nawashauri wakimbiaji waifanye kwa basi angalau mara moja, maana barabara ile inapita kwenye historia yetu ya riadha. Ukitoka Shinyanga, Nzega na Igunga unaingia Singida, mkoa alikozaliwa Alphonce Simbu. Mbele kuna Katesh, chini ya mlima Hanang, nyumbani kwa Gidamis Shahanga aliyeshinda marathon ya Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edmonton mwaka 1978. Kabla ya Babati, pale Dareda, kuna njia inayopanda ukuta wa Bonde la Ufa kwenda Mbulu kwa John Stephen Akhwari. Ukifika Makuyuni, njia ya kushoto inakwenda Karatu alikotoka Filbert Bayi, ambaye tarehe 2 Februari 1974 huko Christchurch aliongoza mita 1,500 tangu mwanzo hadi mwisho na kuweka rekodi ya dunia. Nilikuwa nimekaa dirishani, nikawa namwonyesha mke wangu vilima kwa kidole kama mtu anayeonyesha nyumba za ndugu.

Na sisi wa ziwani tuna wetu. Suleiman Nyambui ni mtoto wa Majita, upande wa Musoma, ufukweni mwa ziwa hilihili. Alichukua medali ya fedha ya mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, kisha akashinda marathon ya Berlin mara mbili mfululizo, 1987 na 1988. Ni ajabu jinsi anavyotajwa kidogo kwenye mbio za Kanda ya Ziwa. Watoto wa shule wanaopewa kazi ya kugawa maji njiani wangefaa kujua kwamba kijana wa pwani yao aliwahi kuushika mji wa Berlin miaka miwili.

Marathon kamili ya Moshi ina tabia yake. Nusu ya kwanza ni barabara kuu, tambarare, unajiona shujaa. Nusu ya pili inakupeleka juu kuelekea Mweka, na huko ndiko hesabu hufanywa. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye misuli na kwenye ini, na kwa wengi wetu akiba hiyo hukaribia kwisha kilomita ya 30 hivi. Ikiisha hupati maumivu ya mahali fulani. Unakuwa kama nyumba iliyokatiwa umeme: kila kitu kipo, hakuna kinachowaka. Nilikuwa na matobolwa mfukoni, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, chakula cha safari cha Wasukuma tangu zamani. Nilianza kuyatafuna kilomita ya 18, kipande kimoja kila baada ya muda, maana nilishafundishwa kwamba ukisubiri njaa umechelewa. Utamu wake unakuja polepole, yanahitaji mate, na kutafuna kwenyewe kulinipa kitu cha kufanya. Migombani watoto walikuwa wanasema "Pole! Pole!" kwa sauti ya huruma kabisa, kana kwamba nimefiwa. Nilifika baada ya saa 5 na dakika 12. Maji yalikuwepo, lango lilikuwepo, na mama mmoja aliyeshika medali aliniinamisha kichwa kwa upole akanivisha kama anavyomvisha mtoto sweta.

Nayasema haya yote ili nifike kwenye asubuhi moja nyingine.

Zilikuwa mbio za nusu marathon, miaka michache iliyopita. Jina lake halina maana hapa. Waandaaji wake hawakuwa wabaya kuliko wengine, na nimeyaona hayohayo mahali pengine kwa kiasi kidogo zaidi. Mimi nilimaliza nikakaa kumsubiri mke wangu, ambaye siku hiyo nilijua misuli ya kigimbi inamsumbua. Saa mbili na nusu zikapita. Mgeni rasmi akafika, msherehesha akahamia jukwaani, spika zikageuzwa upande wa viti vya heshima. Saa tatu zikapita. Wakimbiaji walikuwa bado wanaingia, mmoja mmoja, lakini hakuna aliyekuwa akitangaza. Kisha jenereta la lango likazimwa. Lango lile la kujazwa upepo likaanza kulegea, likainamisha kichwa, likalala juu ya lami, na vijana wawili wakalikanyaga kutoa hewa iliyobaki.

Mke wangu alikuja baada ya saa 3 na dakika 22. Alikuwa anachechemea pembeni kabisa mwa barabara kwa sababu bodaboda zilikuwa zimesharuhusiwa kupita. Baadaye alinieleza kwamba kilomita ya 15 alikuta meza tupu, na kilomita ya 18 akakuta gari linapakia meza yenyewe. Aliomba chupa moja. Akaambiwa yameisha, akayaona yakiwa kwenye katoni. Aliponikaribia hakuniona. Alimwendea kijana aliyekuwa anakunja nyaya, akamuuliza, kwa heshima kabisa, kama mgeni anayeulizia mtaa:

"Samahani, mwanangu. Mwisho ni wapi?"

Kijana akaangalia huku na huku, akamwonyesha chini. Kulikuwa na mstari wa chokaa umefutikafutika kwa matairi. Mke wangu akauvuka, akasimama, akawa hajui aweke wapi mikono.

Alikuwa amelipa ada ileile niliyolipa mimi, ileile aliyolipa aliyeshinda. Alikuwa barabarani muda mrefu kuliko sisi sote.

Tangu siku ile nimekuwa nikimfikiria Akhwari tofauti. Kila Mtanzania ameisikia hadithi yake: Mexico City, tarehe 20 Oktoba 1968, mji ulio juu zaidi ya mita 2,200, akaanguka katikati ya msongamano, goti likateguka, bega likaumia, akafungwa bandeji akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2:20:26. Akhwari aliingia uwanjani giza limeshaanza, kwa saa 3:25:27, wa 57 kati ya 57 waliofika, medali zimeshagawiwa, watazamaji wengi wameshaondoka. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza. Tunalipenda jibu hilo na tunalirudia kwenye hotuba. Kuna mambo mawili hatuyasemi. La kwanza, hakuwa mkimbiaji dhaifu: miaka miwili baadaye, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh, alikuwa wa tano. La pili ndilo linalonikaa moyoni. Jioni ile Mexico kulikuwa na watu waliobaki. Elfu chache, lakini walibaki, wakamwona, wakampigia makofi. Kamera ilibaki. Mstari wa mwisho ulikuwa bado mahali pake. Kama kila kitu kingekuwa kimeshakunjwa, leo tusingekuwa na hadithi. Tungekuwa na mwanamume mmoja aliyejeruhiwa akiulizia njia gizani.

Watu huniambia kwamba wa mwisho anajitakia, angefanya mazoezi. Waangalie mazingira. Nusu marathon ikianza saa 12 na nusu asubuhi, wenye kasi humaliza kwa saa moja na dakika chache, jua la Mwanza likiwa bado halijauma. Anayehitaji saa tatu anaimaliza saa 3 na nusu. Tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta. Jua la saa 3 na nusu si jua la saa 1 na nusu. Kwa hiyo maji yanaondolewa kwa yuleyule ambaye joto limemkuta, na yamejaa tele mezani pale alipopita aliyekuwa hata hajatoka jasho la kutosha.

Tena si suala la kuongeza maji tu. Kwenye marathon ya Boston ya mwaka 2002 watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 waliomaliza, wakakuta asilimia 13 chumvi yao imeshuka chini ya kiwango, wengi kwa sababu ya kunywa kupita kiasi, na waliokaa barabarani zaidi ya saa nne ndio walikuwa hatarini zaidi. Mtu wa polepole anapita vituo vyote, ana muda wa kunywa kila kimoja, na anashauriwa na kila mtu anywe. Hivyo kituo cha maji kinahitaji pia ndizi, chumvi kidogo, na mtu mzima anayeweza kumtazama mkimbiaji machoni akajua kama anajibu sawasawa. Kazi hiyo haifai kuachiwa mtoto wa miaka kumi peke yake, hata kama anaipenda.

Ninachoomba ni kidogo na ni cha bei nafuu. Mtu mmoja mwenye baiskeli akae nyuma ya mkimbiaji wa mwisho tangu mwanzo hadi mwisho, na hakuna meza inayofungwa kabla baiskeli hiyo haijapita. Muda wa mwisho utangazwe siku ya kujiandikisha, si siku ya mbio, na ukifika, gari lipite kuwachukua waliobaki kwa heshima na kuwapa maji. Lango lisizimwe. Mgeni rasmi, kama ana dakika kumi, azitumie kwenye lango badala ya jukwaani. Atakutana na wananchi anaowahutubia.

Tarehe 15 Septemba 2025 tuliamshwa na simu ya shemeji usiku wa manane. Mashindano ya dunia ya riadha ya Tokyo, marathon ya wanaume. Huko ilikuwa asubuhi, kwetu ilikuwa bado saa kumi haijagonga. Tuliketi kitandani na simu moja katikati yetu, mtandao unakata, unarudi. Walipoingia uwanjani Mjerumani Amanal Petros alikuwa mbele. Simbu alikuwa nyuma yake, na kwenye mita za mwisho akaja, akaja, Petros akajirusha kwenye mstari, na picha ikaganda. Iliporudi walikuwa bado wanatazama picha ya mstari. Wote wawili saa 2:09:48. Tofauti ilikuwa tatu ya mia ya sekunde: sehemu tatu ukiigawa sekunde moja mara mia, baada ya kilomita 42. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha. Nililia, sioni haya kusema. Majirani nao walikuwa macho. Nilisikia mtu anapiga sufuria nyumba ya pili.

Nilipotaka kuzima simu nikalale kidogo kabla ya kazi, mke wangu alinishika mkono. "Usizime," akasema. "Kuna watu bado wako njiani."

Kikundi chetu cha Kiseke sasa kimefika watu kumi na wanne. Hatuna jina wala fulana. Tuna dumu la lita ishirini la maji, vikombe viwili, na kopo la chumvi, tunaviweka kwenye kibaraza cha duka juu ya kilima cha mwisho, dukani kwa yule niliyewahi kuegemeza baiskeli ukutani kwake. Mke wangu ndiye mwenye dumu. Jumapili iliyopita alitujia mgeni, fundi cherehani, mtu mzima, hajawahi kupita kilomita tano. Tulimwambia ageuze popote atakapochoka. Hakugeuza. Wengine tulishafika, tumeshakunywa, wawili wameaga kwenda kanisani, na jua lilikuwa limeshaanza kuuma mabegani. Tukamwona kwenye kona ya chini, anatembea hatua ishirini, anakimbia kumi, kilemba kimefunguka amekishika mkononi. Alipofika katikati ya kilima akatazama juu, akaona watu wengi wamesimama kila upande wa barabara, asijue aelekee wapi.

"Mwisho ni wapi?" akauliza kwa sauti.

Mke wangu akainua kikombe. "Hapa," akamwitikia. "Hapa kwenye dumu, mama. Njoo tu."